Kifuniko Kimoja Asubuhi, Kimoja Jioni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimezaliwa upya. Nina miaka hamsini na mbili, lakini kuzaliwa hasa ni leo, saa tatu asubuhi, nikiwa nimesimama bafuni na maji machafu yamenifika kwenye vifundo vya miguu.

Bomba la jengo limeziba tena. Mara ya tatu mwezi huu! Akaitwa Fundi Bomba, jirani yetu wa chini, akaja na waya wake mrefu na ile sura yake ya daktari bingwa. Akachokoa nusu saa. Akatoa donge la nywele na kijiko cha chai. Wapangaji wakamshukuru utadhani amefufua maiti. Mke wangu akampa chai. Kwenye kikombe changu!

Ndipo wazo likanijia. Waya ni ushamba. Kinachotakiwa ni dawa. Unamimina, unasubiri, bomba linafunguka lenyewe, Fundi Bomba anatafuta kazi nyingine. Nimekaa miaka kumi na saba stoo ya kiwanda cha sabuni. Kostiki naijua vizuri, zile chembe nyeupe kali ambazo bila hizo hakuna sabuni. (Kiwandani waliniachisha kwa sababu ya tofauti za mawazo. Mimi nilikuwa nayo, wao hawakuwa nayo.)

Jina nimeshapata: ZIBUA.

Nikamweleza Mama. Mama hushinda kwenye kiti chake cha dirishani, na tangu wiki iliyopita anakohoa kikohozi kikavu kinachomtikisa mwili mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema una akili wewe baba, shida ni watu kutokukuelewa. Nikamwomba arudie kwa sauti ili mke wangu asikie. Mke wangu alikuwa anashona. Akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Mama akaniomba nikipita duka la dawa nimletee ya kikohozi. Nikamwambia Mama, leo hii hii.

Nimesahau. Kesho.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya majaribio. Kostiki nimeipata kwa swahiba wangu wa kiwandani, mfuko mzima. Nilisubiri mke wangu atoke kwenda kupeleka sare za shule alizoshona, nikaingia jikoni na kufunga mlango.

Nilihitaji chombo. Nikachukua sufuria ya mke wangu, ile kubwa ya alumini inayong'aa, ambayo haipikiwi ila wageni wakija. Nikatia maji, nikatia kostiki. Vipimo? Mkono wa mtaalamu hauhitaji kijiko. Nilitia mpaka nikaona imetosha, kisha nikaongeza kidogo ya baraka.

Loo! Sufuria ikaanza kuchemka bila moto! Ikatoa povu, ikazomea, ikanitolea moshi wa kukaba koo. Tone likanirukia kidoleni, likaacha lengelenge kama punje ya mahindi. Nilipomimina kwenye ndoo nikaona mwanga ukipenya kwenye kitako cha sufuria. Matundu mawili!

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi niliruka kwa furaha. Kama imekula sufuria, nywele za bafuni zitasema nini?

Mke wangu aliporudi akanipa vidonge vyangu mbele ya Mama. Eti mimi ni balaa lenye miguu. Eti sufuria hiyo ilikuwa zawadi ya harusi. Nikamjibu kwamba kila kitu kikubwa huanza na hasara. Akaniuliza hicho kikubwa nilichowahi kumaliza ni kipi. Mama akakohoa, nadhani kwa makusudi, ili nisilazimike kujibu.

Nimeongeza rangi nyekundu ya keki na manukato ya chungwa. Sasa inapendeza mno. Hutaamini ni kitu cha chooni.

Jumatano, 6 Machi

Chupa! Nilikuwa sina chupa. Nikaenda duka la dawa, nikamsihi muuzaji kwa maneno matamu mpaka akanipa chupa kumi na mbili tupu za plastiki, za kahawia, mpya kabisa. Kila moja ina kifuniko chenye alama za kupimia. Kitu cha kitaalamu! Nilitembea kifua mbele hadi nyumbani. Nimefika mlangoni nasikia Mama anakohoa. Ala! Nilikuwa nimesimama mbele ya rafu ya dawa za kikohozi muda wote ule, na sikununua.

Sikuwa na uso wa kumwambia. Nikasema zimeisha, zinaletwa keshokutwa.

Jioni ugomvi wa karatasi za chupa. Mke wangu akataka niandike SUMU, kwa herufi kubwa, na nichore fuvu la kichwa. Nikamuuliza amewahi kuona nani akinunua kitu kilichoandikwa sumu. Watu wananunua dawa. Dawa ya choo, dawa ya mende, dawa ya viatu, dawa ya meno. Lugha yenyewe imeshaamua, mimi ni nani nibishane nayo? Akasema basi angalau andika kwamba ni kali. Sawa. Mimi ni mtu wa maelewano.

Nimeandika chupa ya kwanza, ya kuonyesha watu, kwa mwandiko wangu ule mzuri:

DAWA KALI
TIKISA KWANZA
KIFUNIKO KIMOJA ASUBUHI, KIMOJA JIONI

Jina la ZIBUA na maelezo ya mabomba yatafuata nikipata mtu wa kuchapisha.

Mwandiko huo ndio niliomfundishia Mama kusoma. Alikuwa na miaka sitini na moja. Hatukuwa na vitabu, tulitumia makopo na pakiti za jikoni. Neno lake la kwanza lilikuwa CHUMVI. Tangu siku hiyo husoma kila kitu kwa sauti, boksi la kiberiti, mfuko wa sukari, tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. Na kilichoandikwa hukifuata neno kwa neno. Kikisema pindua hapa, atapindua hapo hapo. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwingine.

Alhamisi, 7 Machi

Mwenyekiti wa wapangaji amekubali! Kesho saa nne asubuhi, uani, mbele ya jengo zima. Mfereji mmoja umeziba kulia, mwingine kushoto. Fundi Bomba na waya wake, mimi na ZIBUA. Fundi alipoambiwa akacheka akasema jirani, mimi sina ugomvi na mtu, lakini haya. Kicheko hicho kitamtokea puani.

Nimejaza chupa kumi na mbili. Ya kuonyesha watu gundi yake haijakauka. Kesho alfajiri nitaiweka dirishani, jua huanzia hapo.

Mama amekohoa mpaka machozi. Nikamshika bega nikamwambia vumilia usiku mmoja tu, Mama, kesho ukiamka utaikuta dawa yako hapo hapo ulipo. Nitaamka mapema niende kununua. Nimeapa. Akasema Mungu akuweke, baba.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Sikwenda duka la dawa. Niliamka na hotuba kichwani. Nikaweka chupa dirishani, nikashuka uani, nikawa napanga viti.

Saa nne watu wamejaa. Nilikuwa katikati ya hotuba, kwenye sehemu ya mustakabali wa mabomba, niliposikia mke wangu akiniita kutoka juu. Aliniita kwa jina langu. Siku zote huniita Mkurugenzi, kwa kejeli. Nilipanda ngazi tatu tatu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Mate yanamtoka, hawezi kuyameza. Midomo imevimba, ina weupe kama iliyopakwa chokaa. Mkono mmoja kwenye koo, mwingine unaonyesha dirishani. Chupa ilikuwa hapo, imefungwa vizuri. Kifuniko cha kupimia alikuwa amekifuta kwa leso na kukirudisha mahali pake.

Alitikisa kwanza. Najua alitikisa kwanza.

Mke wangu akasema alikuwa jikoni, akasikia kishindo cha kiti. Mimi nikapiga kelele yaletwe maziwa, iletwe chumvi na maji, atapishwe! Nikamfungua Mama mdomo ili nimtie kidole. Mkono ukanidaka kwa nguvu. Fundi Bomba, alikuwa amenifuata nyuma. Akasema usimtapishe, imemuunguza ikishuka na ikipanda itamuunguza tena. Usimmiminie chochote. Akalowesha kitambaa, akamfuta midomo na kidevu, akampa maji asukutue na kutema. Akaichukua ile chupa akaitia kwenye mfuko. Akambeba Mama mikononi mpaka kwenye gari lake la mabomba. Mimi nilibeba viatu vya Mama.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Akauliza amekunywa nini. Nikasema dawa ya kikohozi.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Mwenyekiti wa wapangaji, aliyetufuata hospitali, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Daktari akaanza kuuliza ni dawa gani ya kikohozi, ya jina gani. Fundi Bomba akaweka chupa mezani. Akasema Daktari, hii ni kostiki, ya kuzibulia mabomba. Hakuniangalia. Daktari akaisoma karatasi. Akaisoma mara mbili. Akauliza kuna kostiki kiasi gani kwa maji kiasi gani. Wote wakanigeukia.

Nikasema kiasi. Akasema kiasi gani, mzee wangu, inasaidia kujua. Shajara hii ilikuwa mfukoni mwangu. Nimeandika humo kila kitu, hotuba, jina, hata kikombe cha chai. Vipimo sikuandika.

Wamemwekea oksijeni, wamemtundikia dripu, wamemchoma sindano ya maumivu. Hali chochote, hanywi chochote. Kesho wataingiza kamera ndogo waone palivyo ndani. Nimebaki kwenye benchi na viatu vyake.

Jumamosi, 9 Machi

Kamera imeingia na kutoka. Daktari akatuita pembeni. Akasema koo la chakula limeungua kutoka juu mpaka chini, na tumbo limeguswa kidogo. Halijatoboka, tushukuru. Lakini kostiki si kama maji ya moto ambayo huunguza yakaisha. Yenyewe huendelea kula. Siku hizi chache ndizo za kuogopa. Akivuka, makovu yataanza kukaza, koo litakuwa jembamba, itabidi apanuliwe mara kwa mara, labda miaka. Nikauliza ataongea lini. Akasema tusubiri kwanza avuke.

Kapitishiwa mpira mwembamba puani. Chakula chake ni maji maji ya kwenye bomba la sindano.

Fundi Bomba alileta shuka safi na mto. Sista akamsifu, akasema laiti kila mgonjwa angekuwa na mtoto kama wewe. Mtoto! Nikaona siwezi kushindwa kwa mama yangu mwenyewe. Nikaenda sokoni nikarudi na kapu la ndizi, mapapai na kuku mzima wa kuchoma. Sista akanitazama. Akaniuliza kwa upole nilikuwa nategemea nani ale.

Nilikaa ngazi za nyuma ya wodi nikala kuku mwenyewe. Nilikuwa na njaa tangu jana. Nililia mpaka nikashindwa kutafuna.

Jumapili, 10 Machi

Mama amefumbua macho na kuomba kalamu kwa ishara. Mke wangu akampa ile ya kuchorea vitambaa, na karatasi ya ruwaza za nguo. Akaandika polepole, ulimi ukijitokeza pembeni ya midomo ile iliyobabuka, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye meza yetu ya jikoni. Akanipa mimi.

NILIPIMA SAWA?

Mke wangu alikuwa amekwenda kuchota maji. Tulikuwa wawili tu. Nikamwangalia Mama, naye akaniangalia, anasubiri asahihishiwe.

Nikamwambia ulizidisha kidogo, Mama.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akachukua karatasi tena akaandika NISAMEHE BABA.

Nimeandika mambo mengi ya kijinga humu, mengine kwa kujisifu. Hili naliandika kwa sababu sina pa kulipeleka. Nilipokea ile karatasi, nikaikunja, nikamwambia usijali.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu kaiona karatasi mfukoni mwangu. Alikuwa anataka kufua shati. Sikuwahi kumwona akikasirika bila kupaza sauti. Akasema wewe utamwambia Mama ukweli kwa mdomo wako, la sivyo nitamwambia mimi, na nikimwambia mimi usinitafute tena ndani ya nyumba hii. Akaketi kwenye cherehani, hakushona.

Nikapanga mpango. Nitamwandikia barua, ndefu, yenye utangulizi. Nimeandika tatu. Katika ya kwanza kosa ni la muuzaji wa chupa. Katika ya pili ni la kiwanda. Ya tatu niliianza vizuri, kisha Fundi Bomba akaingia ndani yake, sijui alipitia wapi. Nimezichana zote.

Jioni nikabeba chupa kumi na moja zilizobaki nikaenda kuzimwaga kwenye mfereji wa uani, glavu mikononi safari hii, mlango wa ua nimeufunga. Mfereji ule ambao haujapitisha maji tangu wiki iliyopita. Ukakoroma. Ukatoa mapovu. Maji yakashuka yote kwa mkupuo, safi kabisa, yakaniacha nimesimama na chupa tupu.

Inafanya kazi. ZIBUA inafanya kazi!

Nilifurahi. Ni sekunde mbili au tatu, lakini nilifurahi, siwezi kuidanganya karatasi yangu mwenyewe. Kisha nikafikiria kwamba ndani ya Mama ilifanya kazi hivyo hivyo. Nikatapika pale pale uani.

Alhamisi, 14 Machi

Mama amevuka, Daktari anasema. Homa imeshuka. Sauti hakuna. Kikohozi chenyewe kimepona, bila dawa yoyote.

Leo alikuja afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja wa makamo mwenye faili na miwani ya kamba. Hospitali huwaita ikitokea ajali ya namna hii nyumbani. Akataka kujua ilikuwaje, nani aliandika chupa, na bibi aliisoma au hakuisoma. Nikajikaza kisabuni. Nilikuwa nimeshaamua kusema. Nilishafungua mdomo, naapa.

Mama akanyoosha mkono kutaka kalamu. Akaandika, akampa afisa.

SIJUI KUSOMA.

Afisa akasema pole sana bibi, ndiyo maana. Hakuuliza amewezaje kuandika. Labda aliona, labda alichoka, ana wodi nne. Akaandika kitu kwenye faili lake. Akanishauri vitu vikali viwekwe juu na kabati lifungwe kwa ufunguo, visihamishwe kwenye chupa za dawa wala za vinywaji, hasa kwenye nyumba yenye wazee wasiojua kusoma. Nikasema nitazingatia.

Mama yangu, ambaye anasoma hata upande wa nyuma wa sabuni, ambaye alisimamisha wageni sebuleni awasomee kalenda, kakubali kuandikwa faili zima kuwa hajui kusoma. Mimi nimekaa pembeni nikiangalia kucha zangu.

Mke wangu alikuwepo. Alimsogelea Mama akaanza kumsuka nywele, taratibu, akiwa amenipa mgongo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimesema.

Haikuwa hotuba. Nilikuwa nimeandaa maelezo, yakanikimbia yote. Nilipiga magoti kando ya kitanda kwa sababu kiti kilichukuliwa na mgonjwa wa jirani. Nikamwambia Mama, hukuzidisha. Ulipima sawa. Haikuwa dawa ya kikohozi. Dawa ya kikohozi sikununua hata siku moja, niliahidi siku nne na nikasahau siku nne. Ile ni kostiki yangu ya mabomba. Mke wangu aliniambia niandike sumu, nikakataa, kwa sababu nilitaka watu wainunue. Mimi ndiye niliyekuunguza, halafu nikakwambia ni wewe.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Akaomba kalamu.

NAJUA. NILISOMA VIZURI.

Nikaweka kichwa kwenye shuka nikalia kama mtoto. Akaniwekea mkono kisogoni. Sista akapita, akasimama kidogo, akaendelea na shughuli zake.

Baadaye akaandika tena, akanivuta sikio ili niangalie.

USICHANGANYE TENA VITU. NIAHIDI.

Nimeahidi. Kwa moyo wangu wote, mbele ya mke wangu, mbele ya Fundi Bomba ambaye alikuwa amekuja na maua (maua!). Sichanganyi tena kitu na kitu katika maisha yangu. Mke wangu amenipakulia chakula jioni kwa mara ya kwanza tangu ajali. Nimelala mapema.

Ijumaa, 22 Machi

Mpira wa puani umetolewa, kapasuliwa tundu dogo tumboni, sasa mpira unaingilia hapo. Daktari katufundisha kumlisha. Mke wangu kajifunza mara moja. Mimi nilimwaga mara mbili, tena moja kwenye koti la Daktari.

Fundi Bomba kajifunza kwa kutazama tu. Kazoea mipira, nini cha ajabu.

Jumatano, 27 Machi

Mama yuko nyumbani. Kiti kile kile, dirisha lile lile. Jengo zima walikuja kumpokea. Amekonda, gauni linamwelea, mke wangu amelipunguza pande zote mbili. Daktari amesisitiza mara tatu, na kutuandikia: kisipite chochote mdomoni, hata maji, mpaka Jumanne ya tarehe 16 Aprili atakapopigwa picha na kuanza kupanuliwa koo. Bado kuna vidonda, na akipaliwa tu kinaweza kwenda kwenye mapafu. Mke wangu amebandika karatasi hiyo ukutani.

Leo mchana nilimkuta Mama ameshika kikombe kitupu, anakinusa. Akaandika kwamba haumii sana, ila amesahau ladha ya chumvi. Nikatoka nje nikazunguka jengo mara mbili.

Jumapili, 31 Machi

Sijalala kwa kufikiri, lakini sasa nimepata. Nimepata!

Jumanne nilimsindikiza Mama kliniki ya makoo kabla hajaruhusiwa. Kwenye benchi walikuwa wagonjwa kumi na mmoja, wote wa namna yake, wote wamekonda, wote wanalishwa maji maji meupe yasiyo na ladha wala harufu. Kumi na mmoja kwenye benchi moja! Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuwafikiria. Nililia siku nne kwa ajili ya Mama, siku ya tano nikajiuliza machozi yangu yanamsaidia nini.

LAINISHA. Supu maalumu ya makoo yaliyoungua. Karoti, mchuzi wa mifupa, mafuta kidogo, asali, chumvi ya kutosha, na ndimu. Ndimu ndiyo siri yenyewe. Stoo nilijifunza kwamba ukali wa kostiki unakatwa na ukali wa ndimu, kwa hiyo kama kuna mabaki huko ndani yatamalizwa kabisa. Ajabu Daktari hakulifikiria hilo. Ni kijana bado.

Kuhusu ahadi nimetafakari sana. Niliahidi kutochanganya. Huku si kuchanganya, ni kusaga. Mashine inasaga, mimi nabonyeza tu. Mama mwenyewe ni mtu wa maneno, ataona tofauti.

Na vipimo safari hii nimeandika vyote.

Mke wangu yuko kanisani, kisha atapitia sokoni, hatarudi kabla ya saa nane. Karatasi ya Daktari nimeigeuza kwa muda tu, isimtie Mama wasiwasi. Supu nimeipoza, nimeichuja mara tatu kwa kitambaa. Inanukia nyumba nzima. Mama ameinua kichwa tangu ilipoanza kuchemka.

Naandika upesi, kalamu mkono wa kulia, kijiko mkono wa kushoto. Nimemweleza yote, wagonjwa kumi na mmoja, ndimu, tofauti ya kuchanganya na kusaga. Nimemwambia kijiko kimoja tu, Mama, uniambie chumvi imekolea.

Amenitazama sana. Ameangalia kijiko. Kalamu yake iko mapajani, hajaigusa.

Amefungua mdomo.